UZI: Natafuta pori dogo karibu na Lubumbashi ambalo mama wa fimbo anaweza kulitembea

Mutoto_wa_Katuba
Yambo yenu wote. Nina ombi, na nikisaidiwa nitarudi kutoa ripoti, siyo kama wale wanaouliza njia halafu wanapotea.

Mama yangu ana miaka 71. Alizaliwa kijijini, upande wa Kasenga, ndoa ikamleta mjini, na tangu hapo ni Katuba tu: nyumba, soko, misa, nyumba. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kuume. Alipona, ila mguu haukurudi wote. Anatembea na fimbo hatua mia moja hivi, anakaa, anapumua, anaendelea. Juzi tuko kwenye bukari (ugali), akaweka tonge chini akasema: "Miye nataka kuona pori. Hapana shamba. Hapana bustani. Pori."

Mbuga ya Kundelungu naijua. Maporomoko ya Lofoi nayajua kwa picha, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Lakini hiyo ni safari ya gari yenye miguu mirefu, na mgongo wa mama hauiwezi. Mbuga ya Upemba ndiyo usiseme kabisa. Natafuta kitu kidogo cha kwenda asubuhi na kurudi kabla ya giza. Saa moja na nusu kwa gari, isizidi. Njia tambarare, kivuli, na choo (cheka tu, lakini kwa mtu wa miaka 71 hilo ndilo swali la kwanza). Na isiwe sehemu ya nyama choma yenye spika na miti mitatu, halafu mnaiita pori.

Tantine_BelAir
Mpeleke zoo, mwanangu. Iko mjini, njia ni nzuri, na ndani yake kuna JACK, makao ya sokwe yatima. Walianza mwaka 2006. Herufi zile nne ni za maneno ya Kifaransa, maana yake wanyama wadogo walionyang'anywa Katanga. Hao sokwe si wa huku kwetu, wanatoka misitu ya kaskazini, mama zao wanauawa kwa nyama na watoto wanauzwa kama wanasesere. Lubumbashi ni njia ya kuwapitisha kwenda nje. Nadhani mnakumbuka Septemba 2022, wezi waliingia usiku wakateka watoto watatu wa sokwe, wakadai pesa kama wanavyodai kwa mtoto wa tajiri. Mimi nilisikia habari ile nikafikiri redio imeharibika.

Mutoto_wa_Katuba
Asante tantine. Mama alishafika na wajukuu, aliwapenda sana wale sokwe. Lakini safari hii anataka mahali ambapo hakuna wavu.

Manseba_Kenia
Pori gani tena yaya? Pori iliisha. Miye napitaka barabara ya Kasenga karibu kila siku na moto (pikipiki) yangu, napakia saki (magunia) mbili za makala (mkaa) nyuma, na kila mwaka naenda mbali zaidi kuitafuta. Zamani baba alikuwa anaikuta mbele ya mji. Sasa unatembea unatembea, ni visiki na udongo mweusi tu. Mama yako akitaka kuona pori aje kwetu Kenia, mtaa wa hapa hapa mjini, nitamuonyesha pori yote ndani ya mbabula, jiko la makala.

Agro_Kasapa
Manseba umenichekesha, ila mbabula si mwisho wa habari. Niko kitivo cha kilimo hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), ngoja niseme kidogo.

Pori la kwetu linaitwa miombo, kwa jina la miti yenyewe. Halifanani na msitu wa Tshopo, ambako jua haligusi ardhi. Huku miti imeachana, jua linapita, nyasi zinaota chini. Ukiikata kwa makala, haifi hapo hapo: kisiki kinachipua, mizizi inatoa vijiti. Ukiiacha miaka mingi, pori linarudi. Shida ni kwamba hatuiachi. Wanaokata wakitoka anaingia wa mahindi, wa mahindi akitoka anaingia wa matofali, na kila mwaka moto unapita juu ya vijiti vile vile. Kule Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa tu, kuna viwanja vya majaribio ya moto tangu miaka ya 1930. Kiwanja kinachochomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka kimebaki nyasi. Kinachochomwa mapema, wakati nyasi bado zina maji, kina miti. Kisichochomwa kimefunga kabisa. Mvua ni ile ile na udongo ni ule ule.

Kwa swali lako: kuna Mikembo, kaskazini mashariki ya mji. Ndipo wenzetu wa kitivo walipopima hekta 10 za miombo, mti kwa mti, kila mmoja na kibati chake cha namba. Ni mali ya watu, lazima uombe kabla ya kwenda. Na kuna mapori mengine madogo ya watu binafsi yanayopokea wageni, ila hayajitangazi.

Wakati: nenda mwisho wa Septemba. Watu wanafikiri kiangazi ni vumbi tu, lakini miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua kufika, na majani hayo ni mekundu. Mekundu kweli, kama divai. Wiki mbili tatu tu, halafu yanageuka kijani.

MwanaTabora
Wakuu nawasalimu kutoka Tanzania. Kumbe na nyie ni watu wa miombo! Kwetu Tabora miombo ndiyo nyuki na nyuki ndiyo asali. Mninga, mtundu, tunakata na kulia kama nyie. Shikamoo kwa mama, mwambie asiondoke bila picha ya hayo majani mekundu.

Mukubwa_Golf
@Mutoto_wa_Katuba nimekutumia namba kwenye ujumbe wa ndani. Si mbali, lami halafu kama kilomita sita za udongo. Usiweke jina hapa tafadhali. Mwenye pori alipokea watu Pasaka moja, wakaja na jenereta, na spika mbili zenye urefu wa mlango. Tangu hapo anachagua wageni. Ukipiga simu sema wazi kwamba ni mama mgonjwa na watu watatu tu, hapana sherehe.

Manseba_Kenia
Ha! Mukubwa wa Golf, mtaa wa matajiri, anajua pori, watu wa Kenia tunajua saki.

Mutoto_wa_Katuba
Nimerudi, kama nilivyoahidi. Ni ndefu, kaeni.

Tulikwenda Jumamosi, mama, dada yangu mdogo, mimi, na mtoto wa dada wa miaka kumi na mbili. Teksi ya siku nzima dola 40 baada ya kubishana tangu Ijumaa. Saa kumi na mbili na nusu tumetoka Katuba, saa mbili na robo tuko getini. Zile kilomita sita za udongo ndizo zilizokula muda. Dereva alikuwa anasikitikia amortisa zake kwa sauti, kila shimo na jina lake.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni kiti cha plastiki. Dada alikichukua nyumbani, kile cheupe cha kawaida, na mtoto akakibeba kichwani. Mama anatembea hatua mia, mtoto anakimbia mbele, anaweka kiti kivulini, mama anakaa. Kila mahali pa kukaa tukapaita stesheni. Kwa watu wenye mgonjwa: sahau mabenchi, hayapo. Beba kiti. Choo kipo, cha shimo, safi, lakini hakina pa kushika, kwa hiyo mtu wa kumsaidia lazima aingie naye. Njia ni tambarare kweli, ila mchanga ni laini na fimbo inazama. Dada alifunga kifuniko cha chupa ya maji kwenye ncha ya fimbo kwa mpira, ikasaidia nusu.

Mlinzi aliyetutembeza ni baba wa kama miaka hamsini, mpole, anaongea polepole. Mama aliposhuka garini hakusema kitu. Alisimama tu. Agro hakudanganya kuhusu majani, juu yote kulikuwa na wekundu na mwanga ukipita ndani yake, hata uso wa mama ulikuwa na rangi. Akavuta pumzi ya pua, akasema, "Mvula iko karibu." Nikaangalia juu, hakuna hata wingu. (Ilinyesha Jumatano.)

Stesheni ya tatu ilikuwa chini ya kichuguu. Mimi nimezaliwa mjini, vichuguu nimeviona vimekatwa nusu na watu wa matofali. Hiki kilikuwa kizima, kirefu kuliko nyumba yetu, na juu yake miti ya aina nyingine kabisa, siyo ile iliyokizunguka. Mlinzi akasema ni kwa sababu mchwa wanapandisha udongo mzito kutoka chini, kwa hiyo kichuguu ni kama kisiwa. Mama akasema yeye anamjua mchwa kwa uyoga wake tu, na akaonyesha kwa mikono uyoga wa ukubwa wa sinia. Mtoto hakuamini. Mlinzi akamwambia aamini.

Sasa stesheni ya tano. Mama yuko kitini, anachokonoa nyasi na fimbo, mara akainama mbele mpaka nikafikiri anaanguka. Ameona mmea mdogo unaotambaa, majani matatu matatu, kitu ambacho mimi ningekikanyaga. Akasema, "Munkoyo." Halafu akamwambia mtoto, "Chimba."

Mlinzi: "Hapana mama. Hapa hatuchimbe."

Mama: "Hamuchimbe nini? Miye sichimbi shaba. Nachimba munkoyo."

Nilicheka, na nikajuta kucheka, kwa sababu mama hakuwa anacheka. Alikuwa amekasirika kweli. Pori gani hili ambalo mtu haruhusiwi kuchimba munkoyo? Wao utotoni walikuwa wanachimba, mama yake alichimba, bibi yake alichimba, na haikwishaka. Mlinzi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa heshima kabisa: "Mulikuwa watu wangapi katika kijiji, mama?"

Mama akanyamaza. Akawa kama anahesabu. Hakujibu.

Mlinzi akaeleza kwamba ukichukua mzizi umechukua mmea wote, hakuna kinachobaki. Kwamba nje ya ua, upande ule, huwezi kuona hata mmoja kwa sababu mizizi inauzwa sokoni kwa mafungu. Na chikanda, kile chakula cha viazi vya pori, vilevile: kila kiazi cha chikanda ni mmea mmoja wa okidi uliokufa, sufuria moja ni bustani nzima. "Nikikuruhusu weye, na ninataka kukuruhusu, kesho kuko wa pili." Mama akasema, "Basi nionyeshe yote mliyo nayo." Akamwonyesha. Tulihesabu saba karibu na pale. Mama akataka kiti kisogezwe kila mara, aikaribie mmoja mmoja, aguse majani. Hiyo peke yake ilichukua karibu saa nzima, na mzunguko wote hatukumaliza.

Wanyama? Tuliona nyani wakikimbia na mgongo wa swala mmoja. Mtoto alisikitika kidogo. Mama hata hakugeuka.

Njiani kurudi alisimamisha gari kwa mwanamke wa kando ya barabara, akanunua munkoyo chupa mbili. Alipoonja akasema mizizi ni kidogo, wameongeza sukari.

Manseba_Kenia
Yaya, hapo miye niko upande wa mama. Lori za mukula zilipita hapa usiku na mchana, miti mizima, mekundu inatoka damu, inakwenda mpaka ng'ambo ya bahari, hakuna mtu aliyeiuliza "mulikuwa wangapi". Sasa mama mwenye fimbo anataka mzizi moja ya kidole, njo anafundishwa sheria. Pori ya tajiri inafungwa, maskini anabakia na picha.

Agro_Kasapa
Manseba, mukula ni aibu yetu wote na sitabishana nawe. Lakini lori lile halimfanyi mlinzi yule kuwa mkosaji. Angalia alivyofanya: hakumfukuza mama, hakumtisha, alimwonyesha mimea yote saba. Mimi ningetamani kila kijiji kiwe na pori lake lenye masharti yake, na wenye kijiji ndio waweke masharti. Sheria ya misitu ya jamii tunayo, kutekeleza ndiyo kazi. Ila kwa sasa pori lililobaki na munkoyo ni lile lenye ua. Hilo linaniuma kama linavyokuuma.

Na nikuongezee kitu kuhusu makala unayobeba. Vitondo unavyonunua Januari vinaota chini ya miombo kwa sababu uyoga ule na mizizi ya miombo wanalishana, mmoja anatoa sukari mwingine anatoa chumvi za udongo. Kata mti, kitondo hakina mlezi. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine, ule unalimwa na mchwa mwenyewe ndani ya nyumba yake, kofia inaweza kufika upana wa mita moja. Mama hakutia chumvi.

Manseba_Kenia
Sasa nitabeba nini? Courant (umeme) inakuja saa ngapi kwenu Kasapa? Kwetu inakuja usiku wa manane, tunapika tukilala.

Agro_Kasapa
Hapo umenifunga. Na sisi tunapika na makala.

MwanaTabora
Samahani wakuu, munkoyo ni pombe au ni dawa? Nimesoma uzi wote sijaelewa mama aligombania nini.

MaTresor
Mwanangu wa Tabora, munkoyo si pombe. Ukiuacha siku tatu, sitajibu. Ni kinywaji cha watoto na wazee. Unapika uji wa mahindi mzito, unauacha upoe kidogo, usiwe wa moto wala wa baridi, kidole kikae ndani bila kuungua. Mizizi unaiponda mpaka iwe kama nyuzi, unaitumbukiza. Baada ya muda uji unayeyuka mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi kama maji na mtamu, na hukuweka sukari hata punje. Kesho yake unakuwa na uchachu kidogo, ndiyo raha. Uji ukiwa wa moto sana mizizi inakufa na haufanyi kitu. Mama mkwe wangu alinitazama mwaka mzima kabla ya kuniamini na kazi hiyo.

Agro_Kasapa
Ni kweli tupu. Ndani ya mzizi kuna kimeng'enya kinachokata wanga wa mahindi kuwa sukari, na moto mkali unakiharibu. Kazi ya kimea cha pombe, ila hapa kimea ni mzizi wa jamii ya kunde.

MwanaTabora
Nimeelewa. Hata mimi ningegombana na mlinzi.

Tantine_BelAir
Mutoto, mama anaendeleaje? Mguu haukuvimba?

Mutoto_wa_Katuba
Ulivimba Jumapili, hata misa hakwenda. Jumatatu akawa sawa. Ila sasa ana mpango. Anataka kurudi wakati wa masuku, yale matunda ya pori. Nilimpigia mlinzi kuuliza, akasema tunda lililoanguka lenyewe unaweza kulila pale pale, ila kutikisa mti na kujaza mfuko hapana. Nikamwambia mama, akasema, "Vizuri. Nitakaa chini ya mti na kiti changu, nitangojea." Shida ni kwamba masuku yakianza mvua imeanza, na yule dereva alishasema zile kilomita sita hataziona tena mpaka Mei.

Mukubwa_Golf
Mvua ikianza njia ile ni ya moto tu, gari ndogo zinabaki kwenye lami.

Manseba_Kenia
Yaya, nimekasirika lakini sikatai kazi. Niko na moto ya matairi matatu, ile ya mizigo. Tukitandika godoro mama anakaa vizuri kuliko teksi. Mafuta yenu, mengine tutasikilizana. Na ile kiti nitaibeba miye.

Mutoto_wa_Katuba
Nimemsomea mama. Anauliza kama umeosha makala ndani.

Manseba_Kenia
Mwambie nitaosha mara mbili. Tarehe gani?

Mutoto_wa_Katuba
Atasema mwenyewe. Tafuta na kiti kingine, cha kwanza mguu ulivunjika stesheni ya saba.